Msingi mmoja wa gemu za mtandaoni: bao, drafti na karata kwenye seva ileile

mirambo_js (Tabora)
Wakuu, habari za kazi. Nina gemu tatu za kivinjari: bao, drafti na karata. Kila moja ina msimbo wake wa kuunganisha wachezaji, nikirekebisha huku kule kunabaki na hitilafu ileile. Nataka msingi mmoja. Seva ni ya kukodi, RAM GB 1, Node.js (inayoendesha JavaScript kwenye seva) na WebSocket (muunganisho unaobaki wazi kati ya simu na seva). Kero kubwa: simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda data, mchezaji anaonekana mgeni na mwenzake anapewa ushindi. Halafu, simu zikiunganishwa zenyewe kwa zenyewe si nitaokoa pesa ya seva?

gungu_fundi (Kigoma)
La simu kwa simu liache. Kwenye data za simu, wateja wengi hutumia anwani moja ya IP, hivyo simu ya mwenzako mara nyingi haifikiki bila seva ya katikati. Na kwenye karata, nani achanganye?

Tenga chumba na gemu. Chumba kijue nani yuko kiti gani, nani kakatika na ujumbe umefika namba ngapi, basi. Sheria za bao zisiingie humo hata mstari mmoja. Kila gemu ilete kazi nne: `anza` (hali ya mwanzo), `halali` (hatua inaruhusiwa?), `tekeleza` (icheze hatua), `mwonekano` (anachoruhusiwa kuona kila mchezaji). Simu itume nia tu, "shimo la 5, kushoto"; kete zisogezwe na seva. Hiyo `mwonekano` ndiyo watu huiruka. Bao na drafti kila kitu kiko wazi, lakini kwenye karata ukituma hali nzima, anayejua kufungua zana za kivinjari anasoma karata za mwenzake zote.

Bao nalo lina mtego. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete unaendelea, na kuna mipangilio ambayo mzunguko haukomi kabisa. Node.js inaendesha msimbo wako kwa uzi mmoja, yaani jambo moja kwa wakati, kwa hiyo kitanzi kisichoisha ndani ya `tekeleza` kinagandisha vyumba vyote, hata vya drafti ambavyo havina kosa. Hesabu kila kete inayotiwa shimoni. Ikifika 5,000, simamisha na uikatae hatua hiyo.

ujiji_soketi
Kwenye kukatika: soketi (muunganisho mmoja wa simu na seva) si mchezaji. Akiingia mara ya kwanza mpe tokeni (msimbo wa siri wa kumtambulisha) ya baiti 16 za nasibu, simu iihifadhi. Soketi mpya ikija na tokeni hiyo, mrudishie kiti chake na umtumie `mwonekano` wa sasa. Soketi ya zamani uifunge wewe mwenyewe, maana seva inaweza kukaa dakika kadhaa ikidhani iko hai. Pima uhai kila sekunde 20. Majibu mawili yakikosekana, andika "amekatika" na mpe dakika 2 kabla ya kutoa ushindi. Kwenye bao hata 10, watu wa bao hawana haraka.

Simu ijaribu tena baada ya sekunde 1, 2, 4, 8, ikiongeza nasibu kidogo, la sivyo mnara ukirudi wote wanabisha hodi kwa pamoja. Kila hatua iwe na namba. Isipothibitishwa simu huituma tena, na seva ikiona namba iliyokwisha kuipokea ijibu tu bila kuicheza mara ya pili.

Andika hatua kwenye SQLite (hifadhidata ya faili moja) kabla ya kuzitangaza. Seva ikizimika unazirudia tangu `anza`, mradi umehifadhi na mbegu ya kuchanganyia karata (namba inayoanzisha nasibu).

mirambo_js
Nimewapata. Mbio za mitumbwi za watu sita zitaingia kwenye msingi huohuo?

gungu_fundi
Chumba na tokeni ndiyo, usafirishaji hapana. WebSocket hupita kwenye TCP, itifaki inayofikisha data kwa mpangilio: pakiti moja ikipotea, zinazofuata zinaisubiri, mtumbwi unasimama kisha unaruka. Kwenye kivinjari tumia njia ya data ya WebRTC (teknolojia ya kivinjari ya mawasiliano ya papo hapo) kati ya simu na seva, bila mpangilio na bila kurudia. Tuma mara 20 kwa sekunde, simu ichore ikiwa nyuma kwa milisekunde 100.

Angalia na bando la mchezaji. Mitumbwi 6 kwa baiti 10 kila mmoja, mara 20, ni baiti 1,200 kwa sekunde. Ongeza vichwa vya pakiti (taarifa za usafirishaji zinazotangulia data), ambavyo kwenye ujumbe mdogo hivi vinaweza kuuzidi mzigo wenyewe. Ukituma JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) ya baiti 80 kwa mtumbwi, mzigo peke yake ni 9,600 kwa sekunde, karibu MB 35 kwa saa. Kwa drafti JSON haina shida, iache ilivyo.