Yule bwana wa "rangi nzuri" leo kanimaliza kabisa

Mkato_AA (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, herufi zikikosewa mtanivumilia.

Mnamjua. Jina sitaji, halina haja. Yule wa miwani yenye kamba, anayeingia kriti (kikao cha walimu kukosoa kazi za wanafunzi) akiwa wa mwisho na kutoka akiwa wa kwanza. Kila idara ya usanifu wa ndani inaye mmoja. Idara zenye mkosi zinao wawili, na wanakubaliana.

Kazi yenyewe ni mapokezi ya zahanati. Karatasi kubwa za A1 nne ukutani: plani ya 1:50 (chumba kikitazamwa kutoka juu, kimepunguzwa mara 50), mikato miwili (chumba kana kwamba kimekatwa wima), mchoro wa dari wenye taa na swichi zake, kabati la dawa kwa 1:5. Mezani modeli ya 1:20. Bwana kasimama, kakohoa, kaangalia kwa urefu wa kikohozi hicho hicho, kisha akatamka: "Rangi nzuri." Huyo, kahamia kwa jirani.

RANGI NZURI!

Jamani, michoro ni wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Modeli ni fomubodi (povu katikati ya karatasi mbili) nyeupe, sakafu nyeupe, hata kile kijitu cha karatasi kinachosubiri daktari ni cheupe. Rangi ipi? Kaiona wapi? Angesema "mbaya" ningejua angalau kaangalia.

Kwenye plani hiyo kuna kaunta ya vimo viwili: mm 1100 kwa anayesimama, mm 750 kwa aliye kwenye kiti cha magurudumu, na chini yake uwazi wa mm 700 ili magoti yaingie. Watu hushusha kaunta vizuri halafu wanaziba chini kwa droo, mgonjwa anaishia kukaa ubavu ubavu akisaini fomu. Mbele yake kuna duara la mm 1500 la kugeuzia kiti, halikuguswa na benchi wala na mlango unapofunguka. Na mlango umeandikwa upenyo halisi, si upana wa bawa (ubao wa mlango wenyewe)! Bawa la mm 900 likifunguka nyuzi 90, unene wake na bawaba vinakula nafasi, unabaki na kama 850. Hilo hujulikana siku kitanda cha mgonjwa kinapokwama mlangoni. Kuna aliyeliangalia? Thubutu. Kaona RANGI.

Mchoro wa dari una hesabu ya mwanga pembeni. Hesabu! Pembeni! Kwa herufi za mm 3! Na mtu mzima mwenye shahada zake anapita mbele ya hesabu anasema rangi nzuri.

Nauliza tu, hawa wanalipwa kwa neno? Kama ni kwa neno basi leo kaondoka na mawili.

Sketingi

Nimeshakaa kiti cha mbele. Bila picha uzi haujakamilika.

Kelvini2700

Pole sana mkuu. Uzi wako una rangi nzuri lakini.

Mkato_AA

Usianze.

Lumeni500

Tuweke hasira kando, leta hiyo hesabu. Eneo la kusubiri lina ukubwa gani na unataka lux ngapi, yaani lumeni (kipimo cha mwanga unaotolewa na taa) kwa kila mita ya mraba?

Mkato_AA

Mita 6 kwa 5, lux 200. Taa za dari za lumeni 1,000 kila moja, zipo 12, safu 3 za taa 4.

Lumeni500

Haya. Mita za mraba 30 mara 200 ni lumeni 6,000 zinazotakiwa kufika kwa mtu. Lakini si mwanga wote unafika: sehemu inamezwa na kuta na dari, tuseme unafika 0.6 wake. Kisha vumbi na taa kuchoka, toa tena, unabaki 0.8. Zidisha hizo mbili ni 0.48. Gawanya 6,000 kwa 0.48 unapata 12,500. Wewe una 12,000, yaani lux 192.

Umepungukiwa na 8. Mzee kakusitiri tu, ukamletea uzi.

Mkato_AA

Lux 8 hakuna jicho la binadamu linalozihisi! Na taa ya kumi na tatu naipanga wapi kwenye chumba cha mstatili, niibandike mlangoni? Kaunta ina taa zake zinazofika lux 500, na mwanga wake unamwagikia huku huku. Hesabu hizi ni za kukadiria, mwenyewe unajua.

Na hata kama ni kosa, ASEME ni kosa. Asiseme rangi.

Uakisi

Mimi namtetea bwana yule. Nyeupe nayo ni rangi, na kwenye zahanati ni kesi kubwa. Kila uso una kiwango chake cha kuakisi mwanga, kutoka 0 ambayo ni weusi kabisa hadi 100. Kaunta yenye 85 mbele ya ukuta wenye 80, tofauti ni 5. Miongozo mingi ya majengo ya umma inataka tofauti ya pointi 30 hivi kati ya vitu vinavyopakana, kusudi mwenye uoni hafifu aone kaunta inaanzia wapi. Vivyo hivyo mlango na ukuta, na swichi na ukuta. Modeli nyeupe tupu hulificha kosa hilo hadi mtu ajigonge.

Mkato_AA

Ni MODELI, si jengo! Modeli nyeupe ni ya kuonyesha nafasi na mwanga. Nyenzo ziko kwenye jedwali la karatasi ya nne: kaunta ni mbao nyeusi ya 15, ukuta 75. Fanya kutoa mwenyewe. Ili aione alitakiwa asogee hatua mbili kushoto. Hakusogea. Alikuwa ameshatamka yale maneno yake mawili.

Kelvini2700

Kwa kuwa mmegusa sampuli, niseme jambo linaloniudhi kuliko huyo mzee: watu kuchagua kitambaa na rangi ya ukuta dirishani mchana, halafu wanashangaa kazi ikikamilika. Vitu viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya jua, ukiwasha taa ya Kelvini 2700, ile ya mwanga wa njano, kimoja kikaelekea kijani na kingine kikabaki kijivu, kwa sababu rangi zilizotumika kuvitengeneza si zile zile. Sampuli iangaliwe chini ya taa itakayofungwa, ikiwa imekaa mkao wake: ya sakafu ilale chini, ya ukuta isimame. Na kwenye chumba cha kumchunguza mgonjwa usikubali taa ya Ra 80 (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi, mwisho 100), tafuta 90, la sivyo daktari atasoma ngozi vibaya.

Ubao wa sampuli pia una adabu yake. Kipande cha sakafu kiwe kikubwa, cha mto wa kiti kiwe kidogo, kwa kadiri vitakavyoonekana chumbani. Ukikata vyote sm 10 kwa 10 unamdanganya mteja kwamba chumba ni nusu mito.

Plota_Imekwama

Nyie mnalia na maneno ya watu. Mimi nalia na kibonyezo cha "tosheleza kwenye ukurasa". Mnakijua. Wakati wa kuchapa kimewashwa daima na hakuna anayekiri kukiwasha. Plani ya 1:50 ikipunguzwa hadi asilimia 97, ukuta wa mita 6 uliotakiwa kutoka mm 120 unatoka 116.4. Anayeupima kwa rula ya skeli anasoma mita 5.82. Chini ya mchoro bado pameandikwa 1:50 kwa herufi nzuri nzito, uongo mtupu.

Ndiyo maana mchoro wenye akili una mstari wa skeli uliochorwa, wenye alama za mita. Karatasi ikisinyaa nao unasinyaa, ukweli unabaki. Kabla ya kulipia karatasi zote toa moja kwanza, pima kitu kimoja unachokijua, mlango kwa mfano.

Na nyie mnaopeleka picha za renda (picha za chumba zilizotengenezwa na kompyuta) za pikseli 1,920 zijaze A1! A1 kwa dpi 150 (nukta 150 kwa kila inchi) inahitaji pikseli 3,508 kwa 4,967. Msilaumu plota, mashine ya kuchapa tu hiyo.

Mkato_AA

Jamani turudi kwenye mada.

UkutaMzito

Nimepita tu kutoka usanifu majengo. Kumbe huko kwenye mito na mapazia nako kuna hesabu? Hongereni. Ila mkiona ukuta mnene katikati ya jengo msiubomoe kwa ajili ya "mtiririko wa nafasi", umebeba ghorofa ya juu.

BibiMapazia

Karibu sana, mwanangu. Kaa hapo, shika kalamu, tufanye hesabu ya hilo pazia unalolicheka.

Reli mita 2.4. Ili lijikunje vizuri kitambaa kiwe mara mbili: mita 4.8. Kitambaa kina upana wa m 1.4, gawanya, unapata 3.43. Hakuna duka la robo ya upana, unachukua vipande 4. Urefu kutoka reli hadi sakafu m 2.6, ongeza sm 30 za pindo za juu na chini: 2.9. Mwanafunzi wenu hapo hupiga 4 mara 2.9, anaagiza m 11.6, anaenda kulala.

Kitambaa kina maua, mwanangu. Ua linajirudia kila sm 64. Kila kipande lazima kianzie pale pale kwenye ua, la sivyo maua ya kipande hiki yatafika kiunoni kwa maua ya kile. Gawanya 2.9 kwa 0.64 unapata 4.53, unapandisha hadi 5, kila kipande kinakuwa m 3.2. Mara 4 ni m 12.8. Umepungukiwa m 1.2, na ukirudi kuagiza kitambaa kimetoka mzigo mwingine wa kiwandani, rangi haifanani kamwe.

Endelea kubeba ghorofa.

Sketingi

😂😂😂 Ukuta mzito umebomolewa bila kibali.

UkutaMzito

Nimekoma, bibi. Lakini kubalini, plani zenu milango inagombana. Wa choo unafunguka ndani unapiga sinki, wa korido unapiga wa stoo.

BibiMapazia

Nyie wa majengo mkishabana choo hadi mkampa mtu wa usanifu wa ndani mita 1.2 kwa 1.5, mlitaka mlango ufungukie wapi? Juu?

Kikundi_cha_Wanne

Bora nyie mnagombana na watu wazima. Kwenye kazi ya kikundi kuna mwenzetu mmoja, naye mnamjua, hupakua kiti kutoka maktaba ya mtandaoni chenye mshono wa ngozi uzi kwa uzi, poligoni (vipande vidogo vinavyounda umbo kwenye kompyuta) laki kadhaa, anakizidisha mara 60 kwenye ukumbi. Faili linagoma kufunguka usiku wa kuamkia kriti. Kiti kitakachoonekana kwa mbali kiwe boksi lenye mgongo, basi. Kile kimoja cha mbele ya kamera ndicho kipewe mshono. Na vikiwa 60 viwe nakala za kipengele kimoja, si vitu 60 vinavyojitegemea, ili ukibadili kimoja vyote vifuate.

Halafu anatuma faili peke yake bila folda ya picha za nyenzo. Tunafungua, sakafu yote kijivu.

Mkato_AA

Mimi ndiye niliyefungua huu uzi, kuna anayekumbuka?

Lumeni500

@Kikundi_cha_Wanne, huyo wenu anaweka na taa za mapambo 40 kwenye renda halafu analalamika picha ina chengachenga?

Kikundi_cha_Wanne

Huyo huyo! Na zote amezizamisha ndani ya jipsamu ya dari, mwanga hautoki.

mwaka_wa_kwanza

Samahani wakubwa zangu kwa kuingilia. Gundi imekula fomubodi yangu kwa ndani, karatasi ya juu imebaki lakini katikati ni pango. Kriti ni kesho. Nifanyeje?

Plota_Imekwama

Umetumia gundi yenye kiyeyushi, ile inayonuka kali. Povu la ndani ni polistireni, kiyeyushi kinaliyeyusha. Gundi ya dawa ya kupuliza nyingi hufanya hivyo hivyo, na supagluu nayo. Kata kipande kile uweke kingine, usijaribu kukijaza.

Tumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana, upake kwa ncha ya kijiti. Shikiza kwa pini zilizopita pembeni hadi ishike. Ukiipaka nyingi karatasi inalowa na ukuta unapinda.

BibiMapazia

Na kwenye kona, mwanangu, usiache povu lionekane. Skeli yako ngapi?

mwaka_wa_kwanza

1:20, shikamoo bibi.

BibiMapazia

Marahaba. Fomubodi ya mm 5 kwa 1:20 ni ukuta wa mm 100, inakufaa kwa kuta za ndani. Kwenye ukingo wa ukuta mmoja kata karatasi ya juu na povu, usikate karatasi ya chini. Ng'oa kamba ya upana wa mm 5 ibaki karatasi tupu. Ukuta wa pili unakaa humo, na ile karatasi inafunika ukingo wake.

Wembe mpya. Kata mara tatu kwa mkono mwepesi: karatasi, povu, karatasi. Ukilazimisha mara moja povu linachanika, na wembe butu ndio unaokata vidole kwa sababu unausukuma. Rula ya chuma, ya plastiki utaikata.

mwaka_wa_kwanza

Asante bibi. Na vioo vya dirisha? Nina karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga.

Kelvini2700

Usiiguse kwa supagluu, mvuke wake utaacha ukungu mweupe kwenye plastiki na haufutiki. Tepu ya pande mbili, ikate vijikamba vya mm 3, uifiche nyuma ya fremu. Na ngozi ile ya kinga usiibandue hadi kila kitu kimeshakauka, vidole vyako sasa hivi vina gundi.