Tupeane uzoefu: kamio (lori) ya zamani ya mazutu (dizeli) inayokataa kuwaka asubuhi

Mwenye mada, Kadutu (Bukavu)

Wapendwa, nafungua mada hii baada ya kupoteza pesa ambazo zingeninunulia matairi mawili. Kila mwenye kisa chake akiweke hapa, awe fundi, shofere, konvuayeri (utingo) au mwenye gari. Naanza na changu.

Kamio yangu ni ya kizamani, haina kompyuta wala taa ya kukuonya. Ilianza kukataa asubuhi. Mchana ukiizima na kuiwasha, inapokea palepale. Ikilala usiku, konvuayeri anapiga pompa ya mkono hadi bega linamuuma, ndipo inakohoa, inatoa moshi, inatulia. Fundi wa kwanza hakuuliza kitu. Alisema pompa kubwa, ile inayosukuma mazutu ndani ya injini, imekwisha. Ikashushwa, ikapelekwa kupimwa, ikarudishwa, nikalipa. Kesho yake asubuhi hali ni ileile.

Sasa mnajua Bukavu, mji wa milima mitupu. Batri zilipochoka nikaanza kuipaki kichwa kikiangalia chini ili tuisukume asubuhi. Ajabu, siku hizo haikuhitaji kusukumwa, iliwaka yenyewe kwa mkono mmoja. Mimi nikasema ni bahati. Mzee mmoja jirani, shofere wa zamani wa njia ya Uvira, aliyekuwa anatuangalia kila siku akipiga mswaki, akaniuliza neno moja tu: "Na ukiipaki kichwa juu?"

Kichwa kikiwa juu, tangi linakuwa chini kuliko injini. Mahali popote penye ufa, hewa inaingia na mazutu yanarudi tangini taratibu usiku kucha. Asubuhi pompa inavuta upepo. Kichwa kikiwa chini, tangi linakuwa juu, mazutu yanakaa mbele yanasubiri.

Mzee akaniambia niilaze kichwa chini na nitandaze katoni chini ya chasi, kutoka tangini hadi kwenye injini. Asubuhi katoni ilikuwa na doa moja, dogo kama sarafu. Juu yake kulikuwa na kipande cha mpira nyuma ya chasi, ambacho mtu fulani alikifunga kwa waya badala ya kola (mkanda wa chuma wa kubania mpira). Injini ikifanya kazi, ufa ule haukudondosha hata tone, maana sehemu ile inavuta, haisukumi. Ndiyo maana mafundi watatu walipita pale na tambara mkononi wasione kitu.

Mpira mpya na kola mbili. Basi.

Mama wa Walungu

Mimi siendeshi, nina kamio inayoleta mihogo na makaa mjini. Kisa changu kinaniaibisha, lakini nitakisema.

Mazutu yalikuwa yanapungua kuliko safari. Nikapiga hesabu mara tatu. Chini ya gari hakuna doa, kwenye injini hakuna unyevu. Nikahitimisha kwamba shofere ananiibia, anawauzia akina Kadhafi, wale wachuuzi wa mafuta wa barabarani, kwa bidoni (jerikeni). Nikamsimamisha kazi mbele ya watu.

Shofere mpya siku ya tatu akaja na kijiti cha kupimia oili. "Mama, hii oili inapanda badala ya kushuka." Akaninusisha. Ilinuka mazutu, na ukiisugua kati ya vidole ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Raba ya ndani ya pompa ndogo, ile inayovuta kutoka tangini, ilikuwa imekwisha, na mazutu yalikuwa yanapita kimyakimya hadi kwenye oili ya injini. Fundi alisema tungeendelea mwezi mmoja zaidi, vyuma vya ndani vingesagana, kwa sababu oili iliyochanganyika na mazutu haishiki chuma.

Tulibadilisha raba, tukamwaga oili yote na filtri yake. Shofere wa kwanza nilimfuata kwao na mbuzi. Alipokea mbuzi, kazi akakataa.

Fundi wa Goma

Mama, pole. Oili inayopanda mimi naitafuta kabla ya kufungua kitu chochote.

Niongeze kuhusu kuvuja kwa upande wa pili, kati ya pompa kubwa na injekta (zinazopulizia mazutu ndani ya injini, wengine wanaita nozeli). Huko kuna msukumo mkubwa, injekta za injini hizi za zamani hufunguka kwa bar 120 hadi 250 hivi. Mazutu yanaruka kama ukungu na kulowesha injini nzima, hujui yalikoanzia. Mimi naosha injini, naikausha, kisha naipulizia unga wa muhogo uliochekechwa. Ndiyo, unga wa fufu! Washa dakika chache, uzime, uangalie: penye ufa pana mstari uliolowa. Usitumie kiganja kutafuta ukungu ule. Ukungu huo unatoboa ngozi na kuingia ndani, kidonda kinaonekana kama sindano tu, lakini mtu anaweza kukatwa kidole au mkono. Tumia katoni. Ukikupata, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama hausikii maumivu.

Halafu nati za mabomba. Likivuja, watu wanakaza, likizidi kuvuja wanakaza tena, hadi kichwa cha bomba kinapasuka. Legeza kwanza, lilaze bomba likae sawa lenyewe, ndipo ukaze. Na zile rondeli (washa) za shaba za bolti za mazutu, usirudishe zilizokwisha kubanwa. Kama huna mpya, zichome hadi ziwe nyekundu, zipoze majini, shaba inalainika tena.

Vimipira vya uzi vinavyorudisha mazutu juu ya injekta navyo mnavidharau. Ni vya bei ndogo. Vikikauka vinatoa jasho, na kwenye gari nyingine vinaingiza hewa gari ikilala.

Konvuayeri wa Panzi

Kwetu yalikuwa maji. Mazutu ya bidoni, mvua, faneli chafu. Fungua bolti ya chini ya filtri, mwaga kwenye chupa ya plastiki nyeupe, iache itulie. Maji yanakaa chini, mazutu juu. Tulitoa nusu chupa!

Shofere wa Lubumbashi

Huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi kuna baridi ya kweli, kamio zote zinanuna. Mimi naanza na moshi. Demareri (starta) ikizungusha na hakuna moshi kabisa kwenye ekizosi, mazutu hayafiki. Ukitoka moshi mweupe unaochoma macho, mazutu yanafika ila hayapati joto la kuwaka. Kama injini ina buji za kupasha, zipime. Kama haina, angalia inazunguka kwa kasi gani. Mimi nilibadilisha filtri mbili bure, kumbe waya wa masi (ule wa batri kwenda kwenye chasi) ulikuwa umeoza chini ya batri. Kwa gari ya volti 24, ukiona inashuka chini ya 19 wakati wa kuwasha, acha mazutu kwanza, shughulikia umeme.

Mgeni, Bagira

Nauliza: fundi wangu anapuliza eta (dawa ya kopo inayoshika moto haraka) kwenye filtri ya hewa, inawaka mara moja. Kuna ubaya? Na nimefanya ya kichwa chini, haijabadilika.

Fundi wa Goma

Eta inapasuka kabla ya wakati wake, inavunja ringi za pistoni, na kama una buji za kupasha unaweza kulipua mfereji wa hewa. Iache. Fanya hivi: weka bidoni safi ya mazutu juu ya kabini, shusha mpira mpya moja kwa moja hadi kwenye pompa ndogo, na wa kurudisha uingize bidonini. Kati ya filtri na pompa kubwa weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Ikiwaka vizuri bila mapovu, ubaya uko nyuma, tangini au njiani. Mapovu yakibaki, uko mbele.

Mgeni, Bagira

Nimefanya. Mapovu yalibaki hata kwa bidoni. Tumefungua filtri tukakuta gasketi mbili, ya zamani ilikuwa imeshikamana juu na mpya ikakaa chini yake. Filtri hiyo ilibadilishwa mwezi wa pili. Tumetoa moja, tumepiga pompa ya mkono hadi ikawa ngumu, imewaka. Eta iliyobaki nimemrudishia fundi wangu, hajasema kitu.