Naomba ushauri: binti yangu amalize kitabu kwanza, au aitazame filamu na rafiki yake?

Mama Zuhura (mleta mada)
Ndugu wanajamvi, salaam. Tunaishi Dublin, na binti yangu wa miaka 16 amefika katikati ya riwaya ya Maeve Binchy, Circle of Friends, iliyotoka mwaka 1990. Rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye wamekosana mwezi huu kwa sababu ya mvulana, amemwalika kwao watazame pamoja filamu ya mwaka 1995 iliyotokana na riwaya hiyo. Natamani sana wapatane, lakini nakumbuka kwamba mwisho wa filamu si ule wa kitabuni. Je, nimruhusu aende sasa?

Msomaji wa Pwani
Dada, amalize kitabu kwanza. Mhusika mkuu ni msichana aitwaye Benny; rafiki yake Nan, akiwa na mimba ya Simon Westward aliyemkataa, anamsingizia Jack, mpenzi wa Benny, kuwa ndiye baba. Na kitabuni, Jack anapotaka kurudi baada ya hayo yote, Benny anatambua kwamba hamhitaji tena. Filamu aliyoiongoza Pat O'Connor inawarudisha pamoja. Kwangu hilo ni pengo kubwa, kwa sababu riwaya nzima ilikuwa ikimwandaa msichana huyu asimame mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu
Nakubaliana nawe kuhusu mwisho, ila tusiidharau filamu. Kitabuni, Benny na rafiki yake Eve wanakutana na Nan kwa mara ya kwanza wanapoanza chuo kikuu Dublin. Katika filamu, wote watatu wamekua pamoja kijijini Knockglen kabla Nan hajahama, na kwa hiyo usaliti wake unakuwa wa rafiki wa utotoni, jambo linalokaribia sana yaliyomkuta binti yako. Minnie Driver naye, katika jukumu lake kubwa la kwanza la filamu, anamwigiza Benny kwa namna ambayo mtazamaji anaiona aibu ya msichana mwenye umbo kubwa kabla hajatamka neno. Anayepunjwa ni Eve, yatima aliyelelewa na watawa na kutengwa na ukoo wa mama yake, akina Westward, kwa kuwa riwaya nene kama ile haiwezi kuenea katika muda usiofika saa mbili.

Bi. Saumu
Mama Zuhura, filamu ina tukio ambapo Sean, mfanyakazi wa duka la baba yake Benny, anajaribu kumlazimisha Benny kimwili, kwa hiyo zungumza na binti yako kabla hajaitazama. Mweleze pia kwamba hadithi ni ya miaka ya 1950, wakati sheria ya Ireland ya mwaka 1935 ilipiga marufuku uuzaji wa vidhibiti mimba, na msichana aliyepata mimba nje ya ndoa alikuwa na njia chache mno. Bila kulijua hilo, atamwona Nan kuwa mwovu tu. Mwaliko wenyewe usiukatae, maana aliyeutoa ameshavunja ukimya. Omba usogezwe mbele kidogo.

Mama Zuhura
Shukrani nyingi, nyote. Nimezungumza na binti yangu jioni hii, akampigia rafiki yake simu mwenyewe. Wamekubaliana kusubiri hadi Jumamosi ya wiki ijayo, na rafiki yake ameomba aazimwe kitabu pindi kitakapomalizika.