Yah: Kumpeleka mama Kinosaki, kulala ryokan

Swali, kutoka Kobe

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa kumi na moja, na watoto wameshamwahidi kumpeleka kwenye maji ya moto. Nimefikiria Kinosaki, mji wa chemchemi za maji ya moto huku Japani, kwa kuwa treni ya Hamakaze inapita stesheni ya Sannomiya hapa Kobe na kufika huko bila kubadilisha. Lakini ryokan, yaani nyumba ya wageni ya Kijapani ya jadi, sijawahi kulala. Mama ni mtu wa stara, hata mbele ya wanawake wenzake havui nguo zote. Magoti yanamsumbua, kukaa chini na kuinuka ni shughuli. Chakula nacho sijui itakuwaje. Tena bei nilizoziona mtandaoni zimenishtua. Je, niachane na ryokan nichukue hoteli ya kawaida? Wazoefu nisaidieni.

Jibu, kutoka Himeji

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mpeleke mama, tena mpeleke huko huko ryokan. Wengi wetu tunaogopa kuoga, kumbe kuoga kuna njia nyingi za kupangika. Kinachoharibu safari ni chakula cha jioni na saa ya kufika, na hayo mawili yanamalizwa wiki kadhaa kabla hujafunga mizigo.

Nianze na bei. Ryokan inatoza kwa kichwa, haitozi kwa chumba, na ndani ya bei hiyo mara nyingi mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Ukilinganisha na hoteli, hesabu na milo miwili. Juu yake kuna kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu mzima kwa usiku, ambayo mara nyingi hulipwa pale pale. Pia angalia tarehe vizuri: msimu wa matsuba, yaani kaa wa baharini, unaanza mwanzoni mwa Novemba na kuendelea hadi Machi, na Kinosaki ni mji wa kaa. Bei zinapanda sana na karamu yote ya jioni inakuwa kaa. Kama mama hapendi kaa, hakuna sababu ya kulipia. Mlete mwishoni mwa Oktoba kama tiketi yake inaruhusu, au tafuta mpango usio na kaa.

Sasa kuoga. Watu wa Kinosaki wenyewe husema stesheni ni mlango, barabara ni ukumbi, nyumba za wageni ni vyumba, na mabafu ya nje ndiyo bafu la nyumba. Mabafu hayo ya umma yako saba, na mgeni anayelala mjini anapewa pasi ya kuingia yote hadi siku anayoondoka. Jioni utawaona watu wanapita kando ya mto Otani chini ya miti ya mierebi, wamevaa yukata, vazi jepesi la pamba la Kijapani, na viatu vya mbao, kila mtu na kikapu chake cha taulo. Ni mandhari ya raha kwelikweli. Lakini humo ndani wanawake wako pamoja na ni uchi kabisa, nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Kwa mama yako, sahau hayo saba.

Anachohitaji mama ni kashikiri, yaani bafu unalokodi mkaingia peke yenu na kufunga mlango kwa ndani. Ryokan nyingi wanalo, mara nyingi kwa dakika 40 au 50, kwingine bure, kwingine kwa malipo. Ukiwa na uwezo, kuna vyumba vyenye bafu lake kwenye baraza. Hapo mama ataoga saa anayotaka, na alfajiri akipenda. Unapoulizia, hakikisha maji ya bafu hilo ni ya chemchemi, maana si kila bafu la chumbani hupata maji hayo.

Kabla ya kuingia, anakaa kwenye kigoda mbele ya bomba, anajisugua na sabuni na kujisuuza hadi povu lote liishe. Mafuta ya mwili yaondoke kabisa. Kisha achote maji ya bafuni kwa ndoo ndogo, ajimwagie miguuni kwanza, halafu mapajani, halafu mabegani, ndipo aingie polepole. Maji huwa karibu nyuzi 40 hadi 42, kwa mtu mzima yanapiga. Dakika chache, atoke akae pembeni, anywe maji, arudi. Kama anatumia dawa za presha, aongee na daktari wake kabla ya safari. Usimwache peke yake humo, sakafu inateleza. Nywele hazitakiwi kugusa maji, hata zikiwa zimesukwa, zifunge juu. Taulo dogo nalo halitiwi ndani ya maji, watu huliweka kichwani au pembeni.

Na kama siku hiyo hataki kuoga kabisa, kuna ashiyu, mabafu ya miguu ya bure kando ya barabara. Anakaa kwenye benchi, anapandisha pindo la gauni kidogo, miguu inaingia. Kwa magoti yanayouma nadhani hilo atalipenda kuliko yote.

Magoti: uliza chumba chenye vitanda. Cha mikeka ya tatami maana yake ni godoro la futoni sakafuni, ambalo wahudumu hutandika ninyi mkiwa mnakula. Kama vya vitanda vimejaa, omba kiti na meza ndefu, wengi wanavyo. Omba pia kula kwenye meza ya juu. Kwenye tatami hata ndala za ndani huvuliwa, na chooni kuna ndala zake zinazobaki huko huko.

Yukata mwambie upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ni mavazi ya maiti, na wahudumu watamrekebisha haraka. Fulana ya mikono mirefu na suruali ndani yake, na mtandio juu, hakuna atakayemsema.

Jibu, kutoka Osaka

Naongezea upande wa chakula, kwa kuwa dada hapo juu ameugusa tu. Mimi na familia yangu ni Waislamu na tunaenda onsen, yaani chemchemi za maji ya moto, kila mwaka.

Usiandike "halali" peke yake ukadhani wameelewa. Andika kitu kimoja kimoja: hatuli nyama ya nguruwe wala mafuta yake, hatuli nyama ya ng'ombe wala kuku wa kawaida, hatutumii sake (pombe ya mchele) wala mirin (pombe tamu ya kupikia) katika upishi. Mirin ndiyo inayosahaulika, iko kwenye mchuzi wa samaki, kwenye mboga za kuchemsha, kwenye kila kitu kinachong'aa. Sehemu zile ni Tajima, asili ya ng'ombe wa nyama ya Kobe, kwa hiyo nyama hiyo italetwa mezani kwa fahari kama hukusema. Asubuhi kunaweza kuwa na kipande cha nyama ya nguruwe (ham) pembeni ya yai.

Andika kwa Kijapani, siku unayoweka nafasi, kisha kumbusha wiki moja kabla. Jiko la ryokan linanunua kwa idadi ya wageni na kupanga vyombo kumi au zaidi kwa kila mtu, hawawezi kubadilisha saa kumi na mbili jioni mkiwa mmeshakaa. Wakijibu kwamba hawawezi, washukuru na utafute kwingine. Jibu la "hatuwezi" ni jibu la heshima, ni afadhali kuliko bibi kukaa na njaa mbele ya sahani nzuri.

Njia tunayoitumia sisi mara nyingi ni kulala bila chakula. Bei inashuka sana. Tunanunua vitu kwenye maduka ya halali yaliyo karibu na msikiti wa Kobe, tunabeba mikate, tende, samaki wa kukaanga. Uliza kwanza kama wanaruhusu kula vya nje chumbani. Mikahawa ya Kinosaki inafunga mapema, usitegemee kupata kitu saa tatu usiku.

Na saa ya kufika ni muhimu. Kuingia ni saa tisa alasiri, chakula saa kumi na mbili au na nusu. Ukichelewa treni, piga simu. Ukifika saa mbili usiku bila taarifa, chakula kinaweza kuwa kimeshaondolewa, na bado utakilipia.

Kutoka Kobe

Allah awalipe heri, nimepumua. Bado mawili. Mwanangu wa kiume ana miaka minane, anaweza kuingia na mimi upande wa wanawake akitaka kuona mabafu ya nje? Na mama aje na pasipoti?

Kutoka Himeji

Miaka minane hapana. Mwongozo wa wizara ya afya ya Japani ulibadilishwa, sasa mpaka ni karibu miaka saba, na sehemu nyingi wanaufuata. Aende na baba yake upande wa wanaume, na wamwelekeze kujisuuza kwanza, kutokimbia na kutopiga mbizi.

Pasipoti ya mama ni lazima, kwa kuwa hana anwani Japani. Wataitoa nakala mapokezi. Wewe utaandika anwani yako ya Kobe, ingawa kadi ya ukaazi ni vizuri uwe nayo.

Ukishapata ryokan mbili au tatu, nitumie majina yake faragha. Nitakuandikia ile barua ya Kijapani ya chakula na viti, uitume leo leo, wikiendi za Novemba zinajaa.