Mitishamba ya Ayurveda kwa majira ya baridi: ipi itumiwe, na ipi iachwe?

Bint Pangani

Assalaam alaykum, na heri kwenu nyote. Mimi na mume wangu tunaishi Jalandhar, katika jimbo la Punjab, kaskazini mwa India, ambako yeye anasomea shahada ya uzamili. Sisi tuliolelewa pwani hatukuijua baridi ya namna hii. Kuanzia katikati ya Desemba ukungu hufunika mji hadi karibu na adhuhuri, nyumba nyingi hazina mitambo ya kupasha joto, na sakafu ya marumaru huwa baridi kiasi cha kuuma nyayo.

Majirani zetu ni wakarimu sana, na kila mmoja ana dawa yake ya msimu. Mmoja ametuletea kopo la chyawanprash, mwingine anatuhimiza tunywe kila asubuhi mchemsho wa viungo uitwao kadha, na wa tatu anasisitiza vidonge vya giloy pamoja na unga wa ashwagandha, mimea miwili ya dawa. Ayurveda, elimu hii ya tiba ya jadi ya India, ina karne nyingi na sitaki kuidharau, wala sitaki kumeza kila ninachopewa. Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, Ayurveda yenyewe inasema nini kuhusu majira ya baridi, na mimea hii imo humo kwa sababu gani? Pili, je, upo mmea ambao mume wangu, anayemeza dawa za shinikizo la damu kila siku, hapaswi kuugusa? Nami ninanyonyesha mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Mwanafunzi wa Jamnagar

Wa alaykum salaam, dada. Ninasomea Ayurveda hapa Jamnagar, Gujarat, na swali lako la kwanza limegusa somo ninalolipenda kuliko mengine, yaani ritucharya, ambalo ni utaratibu wa kuishi kulingana na majira. Ayurveda huugawa mwaka katika majira sita, na mawili kati yake ni ya baridi: Hemanta, kuanzia takriban katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari, na Shishira, linalofuata hadi katikati ya Machi.

Mafundisho ya Charaka na ya Vagbhata, waandishi wa kale wa Ayurveda, yanakubaliana katika jambo ambalo watu wengi hulishangaa, nalo ni kwamba wakati wa baridi mwili wa mtu mwenye afya unakuwa na nguvu zaidi, si dhaifu zaidi. Baridi ya nje hulizuia joto lisitoke, na agni, yaani moto wa mmeng'enyo wa chakula, huwaka kwa ukali tumboni. Moto huo usipopewa chakula cha kutosha hugeuka na kuula mwili wenyewe, na hapo ndipo vata, ile nguvu ya ukavu na ubaridi, inapochafuka na kuleta maumivu ya viungo, ngozi kupasuka na usingizi hafifu. Kwa hiyo agizo la kwanza la msimu huu ni chakula, na mitishamba hufuata baadaye. Panahitajika maziwa, samli, ngano, nyama, ufuta na sukari guru, pamoja na kujikanda mwili kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kabla ya kuoga. Ukiona majirani zako wanagawana peremende za ufuta na sukari guru siku ya Lohri, tarehe 13 Januari, ujue kwamba sherehe hiyo inakwenda sambamba kabisa na mafundisho haya.

Baada ya chakula huja viungo vya kuondoa kapha, yaani ute na uzito wa kifua. Hapo tuna tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu iitwayo pippali, ambazo zikichanganywa huitwa trikatu, na pia tuna tulsi, mmea wa jamii moja na mrehani wetu. Mwaka 2020 Wizara ya Ayush ya India, inayosimamia tiba za jadi, ilitangaza mchanganyiko wa kadha wenye sehemu nne za tulsi, mbili za mdalasini, mbili za tangawizi kavu na moja ya pilipili manga. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba, isipokuwa tulsi, hakuna kitu ambacho mama wa Pangani hana jikoni mwake.

Chyawanprash msingi wake ni amla, tunda chachu lenye vitamini C nyingi ambalo huvunwa wakati huu wa baridi, likapikwa kwa samli, mafuta ya ufuta, sukari, asali na mimea mingine mingi. Kijiko kimoja asubuhi pamoja na maziwa ya uvuguvugu kinatosha kwa mtu mzima. Sukari iliyomo si haba, kwa hiyo mwenye kisukari asiichukulie kuwa dawa tu.

Giloy na ashwagandha ziko katika daraja tofauti. Tabibu mzuri haziagizi kabla hajauliza kuhusu mmeng'enyo, usingizi, umri na maradhi ya mgonjwa, na sioni sawa zikigawiwa mtaa mzima kana kwamba miili yote ni mmoja.

Mfamasia wa Tanga

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu aliyetangulia, nami nitajikita katika swali la pili, kwa sababu hapo ndipo madhara hutokea.

Mmea ambao mumeo anapaswa kuuepuka kabisa hukuutaja, nao ni mulethi, mzizi mtamu unaotiwa katika mchanganyiko mwingi wa kadha na katika dawa za kikohozi. Kemikali yake iitwayo glisirizini huufanya mwili ubakize chumvi na maji na kupoteza potasiamu, hivyo shinikizo la damu hupanda hata kama mgonjwa anameza vidonge vyake ipasavyo, na hatari huongezeka ikiwa miongoni mwa vidonge hivyo kuna vya kukojoza. Jambo la pili ni pilipili manga, si ile ya kwenye mchuzi, bali dondoo yake, piperini, inayochanganywa na manjano katika vidonge. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini iliongeza mara 20 kiasi cha kukumini ya manjano kinachofyonzwa mwilini mwa binadamu. Wauzaji huitaja sifa hiyo kwa fahari, ilhali uwezo huohuo huongeza pia kiwango cha baadhi ya dawa katika damu, ikiwemo propranololi, ambayo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu wanaitumia.

Kuhusu giloy, mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa waliopata homa ya ini baada ya kuitumia katika kipindi cha korona. Wizara ya Ayush ilipinga na kusema huenda ulitumika mmea mwingine unaofanana nayo, lakini kwa mtumiaji jibu hilo halipunguzi hatari, kwa kuwa mnunuzi wa kidonge hawezi kuutambua mmea uliosagwa. Ashwagandha nayo imehusishwa na madhara ya ini, inaweza kubadilisha homoni za tezi ya shingo, na huongeza usingizi kwa anayemeza dawa za kutuliza. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Wewe unayenyonyesha iache, na giloy pia.

Kuna suala la usafi wa dawa zenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Walipopima nyingine 193 zilizonunuliwa kwa njia ya mtandao, matokeo yaliyotoka mwaka 2008 yalikuwa karibu yaleyale, yaani takriban moja katika kila tano. Baadhi ya dawa hizo ni za mkondo wa rasa shastra, ambao hutia madini kwa makusudi. Kwa mama anayenyonyesha, risasi hupita kwenye maziwa, na ubongo wa mtoto mchanga hauna uvumilivu wowote nayo.

Na mtoto asilambishwe asali hata tone kabla ya kutimiza mwaka, wala chyawanprash, ambayo ina asali ndani yake.

Sipendi mtu aelewe kwamba nakataza kila kitu. Tangawizi, mdalasini, tulsi na manjano kwa kiasi cha chakula ni salama kwa watu wengi, hufariji koo na kupasha mwili joto, na hiyo ni faida ya kweli. Kinga dhidi ya mafua ni jambo jingine. Hata vitamini C yenyewe, ikimezwa kila siku, hupunguza muda wa mafua kwa watu wazima kwa takriban asilimia 8, bila kuyazuia yasiwapate. Mumeo aulize hospitali ya chuo kuhusu chanjo ya homa ya mafua.

Mama Ilham

Mwanangu, mimi ni mkazi wa Delhi kwa muda mrefu. Kadha yangu haina mulethi: vikombe viwili vya maji, majani machache ya tulsi, kipande cha tangawizi kilichopondwa, punje nne za pilipili manga na kijiti cha mdalasini, vichemke kwa moto mdogo hadi maji yabaki nusu. Ukitaka asali, itie kikombe kikishapoa kiasi cha kunyweka, maana Ayurveda inakataza kuipasha asali moto.

Kwa kuwa unanyonyesha, waombe majirani wakufundishe panjiri. Ni unga wa ngano uliokaangwa kwa samli pamoja na lozi, tangawizi kavu, gundi ya kula na sukari, nao wanawake wa Punjab huwapa waliojifungua, kama sisi pwani tunavyowapa uwatu. Hicho ndicho chakula cha baridi ambacho moyo wangu unakiamini kuliko vidonge.

Bint Pangani

Nawashukuru sana, mwalimu, mfamasia na mama yangu. Nimesoma pakiti ya kadha tuliyopewa. Neno mulethi halimo, ila limo jina yashtimadhu, na kwenye kopo la vidonge wameandika guduchi. Je, hivi ni vitu vingine?

Mwanafunzi wa Jamnagar

Ni vilevile, dada. Yashtimadhu ni mulethi kwa Kisanskriti, na guduchi, ambayo pengine huandikwa amrita, ni giloy. Pakiti hiyo mumeo asiitumie, vidonge hivyo wewe usivimeze, na kadha mwichemshe kwa viungo mlivyonunua wenyewe vikiwa vizima.