Amiga 500: A590, GVP au kibao cha IDE chini ya prosesa?

Altona_88
Wakuu, salaam. Nimepata Amiga 500, ile kompyuta ya Commodore ya miaka ya 1980, hapa Hamburg kwa jirani aliyekuwa anahama. Inawaka, kibodi ni nzima, ina Kickstart 1.3 (programu ya kuwashia iliyo kwenye chipu) na ile nyongeza ya RAM ya kilobaiti 512 kwenye kimlango cha chini. Tatizo ni flopi. Kila hatua mashine inadai diski ya Workbench, yaani ya mfumo wa madirisha na ikoni, unatoa, unaweka, unatoa tena. Nataka diski ngumu.

Nimeona njia tatu. A590, kasha la diski ngumu la Commodore wenyewe, ya kuchomeka ubavuni kushoto, iliyotumika, muuzaji kaandika "haijajaribiwa". GVP HD8+, kasha kama hilo la kampuni nyingine, bei karibu mara mbili. Halafu vile vibao vipya vya IDE (njia ya kuunganisha diski) vinavyokaa chini ya prosesa na kutumia kadi ya CompactFlash, ambavyo ni rahisi kuliko vyote. Mngechukua ipi?

fundi_kisauni
"Haijajaribiwa" maana yake imejaribiwa ikagoma 😀

Ila usiikimbie. Kinachokufa kwenye A590 mara nyingi ni diski yenyewe, ile ya megabaiti 20 ya aina ya XT, na kupata nyingine kama hiyo leo ni kazi. Kidhibiti, yaani ubao unaoiendesha diski, ni habari nyingine. Ubao huohuo una SCSI pia, njia nyingine ya kuunganisha diski, kwa hiyo diski mfu unaiacha ilale, unafunga BlueSCSI au ZuluSCSI, vibao vinavyojifanya diski ya SCSI kwa kadi ya SD, maisha yanaendelea. Ina pia soketi za RAM hadi megabaiti 2, chipu 16 ukitaka zijae. Na data inaingia kwenye kumbukumbu kwa DMA, yaani moja kwa moja, prosesa haibebeshwi kila kitu. Kwa prosesa ya 68000 ya megahezi 7 hilo utalihisi.

Muulize muuzaji jambo moja: tofali la umeme lipo? A590 haitegemei umeme wa Amiga, ina tofali lake.

BintiWaya
Nakubaliana na fundi, ila nusu. Ninayo GVP hapa Leicester na siibadilishi na chochote. RAM hadi megabaiti 8 kwa SIMM (vibao vya RAM) za pini 30, unabana tu, huhangaiki na chipu moja moja. Ina swichi ya kuizima yote ukitaka kucheza flopi za zamani, maana kuna michezo inayochanganyikiwa ikikuta RAM isiyoitarajia. A590 nayo ina viswichi nyuma, kimojawapo cha kuzuia isiwashe kwa diski, lakini hivyo ni vya kuchokonolea kwa ncha ya kalamu.

Kaka, hujatuambia diski ni ya kufanyia nini.

Altona_88
Kusema kweli, michezo. Na muziki kidogo kwenye ProTracker, ile programu ya kutungia nyimbo.

mzee_wa_flopi
Hapo sasa. Kijana, unatafuta kidhibiti wakati shida yako ni kumbukumbu.

Michezo mingi ya Amiga ilitengenezwa iwake moja kwa moja kutoka kwenye flopi, haijui diski ngumu ni nini. Ili ikae kwenye diski ngumu watu wanatumia programu ya WHDLoad, na hiyo inadai Kickstart 2.0 kwenda juu. Michezo mingi chini yake inataka RAM kuliko hiyo megabaiti 1 uliyonayo. Ukinunua kibao cha IDE kisicho na RAM utabaki unatazama ikoni nzuri ambazo hazifunguki. Kwa hiyo weka kwenye hesabu chipu ya Kickstart 3.1, na kabla ya kuinunua soma namba ya toleo (rev) la bodi yako. Rev 6A unachomeka tu, rev 5 inataka marekebisho ya waya.

Au achana na yote hayo, nunua Gotek. Inakaa mahali pa kiendeshi cha flopi, unaiwekea programu ya FlashFloppy, faili za ADF (nakala za flopi) unazipakia kwenye fleshi ya USB. Mamia ya flopi kwenye kidole kimoja.

BintiWaya
Shikamoo mzee. Gotek ni nzuri, lakini kasi inabaki ileile ya flopi na kila nakala ya flopi ni kilobaiti 880. Mtu aliyechoka kungoja ataendelea kungoja.

mzee_wa_flopi
Marahaba. Tulingoja miaka ya 1980, atangoja na yeye.

nungwi_pini64
Niseme kuhusu kibao cha IDE, maana ndicho ninachotumia. Kazi ya kwanza ni kung'oa prosesa yenye miguu 64. Inyanyue kidogo upande huu, kidogo upande ule, usiwe na haraka. Pili, hakikisha kibao kina ROM yake ya kuwashia. Baadhi ya vile vya bei ya chini kabisa havina, vinategemea Kickstart yenye dereva (programu ya kuendeshea diski) ya IDE, kama ya Amiga za baadaye, A600 au A1200. Kwa 1.3 yako kadi haitaonekana kabisa.

Tatu ni kosa langu mwenyewe. Niliweka kadi ya gigabaiti 16 nikaigawa yote. Wiki kadhaa mambo safi. Data ilipovuka gigabaiti 4, hesabu ikarudi sifuri na mashine ikaanza kuandika juu ya mwanzo wa kadi. Workbench ikapotea, na nyimbo zangu za tracker nazo. Dereva na mfumo wa faili wa zamani haviijui nafasi iliyo mbele ya hapo. Ukiwa kwenye HDToolBox, programu ya kugawia diski, gawa ndani ya gigabaiti 4 za kwanza, zilizobaki ziache. Kwa Amiga hizo ni bahari.

fundi_kisauni
Na kabla ya chochote kile, fungua kimlango cha chini utazame betri ya saa. Ikiwa imevuja, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii. Wala usichomeke kitu ubavuni umeme ukiwa umewashwa, hata kwa sekunde.

Altona_88
Betri imevuja. Kijani kibichi, lakini bado iko kwenye kibao cha nyongeza, haijafika kwenye bodi. Nimeitoa nikasafisha kwa siki.

Bodi ni rev 6A. Nitachukua Kickstart 3.1 na ile A590, nimempa muuzaji nusu ya bei aliyotaja. Amejibu kwamba tofali la umeme lipo, hakujua ni la nini, alikuwa karibu kulitupa.

mzee_wa_flopi
Gotek nunua pia.