Chakula cha mchana Kikuubo kinaniongezea kilo, nifanyeje?

Muuza Vitenge:
Habari zenu ndugu. Nina duka Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, nakaa kwenye stuli asubuhi mpaka jioni. Mchana naletewa matoke, posho (ugali), wali, kiazi kitamu na malenge, vyote sahani moja, binyebwa (mchuzi wa karanga) juu yake. Magoti yananiuma nikipanda ngazi za stoo. Daktari kasema punguza uzito, vipi hakusema. Mambo ya kupima chakula kwa mizani siyawezi. Ramadhani nafunga na bado naongezeka. Mtu wa dukani aanzie wapi?

Dereva wa Malaba:
Kaka, soda kwanza. Chupa ya nusu lita ina sukari gramu 50 na ushee, kama vijiko 13 vya chai. Mimi nabeba jerikani dogo la maji kwenye lori, basi.

Mama Mwiko:
Mimi ndiye ninayepakua. Kibanda changu kiko Nakawa, lakini wauza chakula wote tunapakua namna moja, ngoja nikueleze kutoka upande wa sufuria.

Bei yako iko kwenye nyama au samaki. Matoke na posho hatukuhesabii, kwa hiyo tunajaza, maana mteja akiona sahani imefura anaridhika, na mimi posho hainiumizi mfuko. Ukinyamaza utajaziwa. Sema kabla sijashika mwiko: "Mama, aina mbili tu, na mboga ya dodo iwe nyingi." Sahani ikishafika mbele yako umechelewa. Nani kwetu analipia chakula halafu akakiacha? Mboga za majani kama dodo na nakati mimi narudi nazo nyumbani kila jioni, nitakuongezea bila kukudai hata shilingi.

Halafu kula polepole. Vijana wa boda wanamaliza sahani kabla sijarudisha chenji, papo hapo wanaomba nyongeza. Tumbo linahitaji kama dakika 20 mpaka mtu ajisikie ameshiba. Yupo mmoja namwambia, "Ssebo, kunywa maji kwanza, nipe habari za mechi." Mara nyingi anawasha pikipiki na kuondoka, nyongeza kaisahau.

Kuhusu binyebwa usinichukie. Karibu nusu ya karanga ni mafuta. Ni chakula kizuri, sikukatazi, lakini upawa mmoja unatosha, tena usiuchanganye na nyama ya kukaanga.

Ila mbona hukusema usiku unakula nini?

Muuza Vitenge:
Mama, hapo umenishika. Nafika nyumbani saa tatu, tunakula saa nne, tena matoke. Nikisema sili, mke wangu atauliza nimekula kwa nani.

Mama Mwiko:
Na ana haki ya kuuliza! Usimwambie huli. Kaa naye mle, ila uombe upakuliwe kwenye sahani ya watoto, mchuzi na mboga viwe vya mtu mzima. Na saa kumi na moja, kabla hujafunga duka, kula ndizi mbivu moja au chungwa. Mtu anayefika kwake na njaa ya tangu mchana hasikii la mtu.

Kijana wa Ntinda:
Mfuate Mzee Museveni. Aprili 2020, wakati wa karantini, alijirekodi akikimbia pekupeku ofisini kwake, akapiga pushapu 30. Alikuwa na miaka 75!

Mama Mwiko:
Wewe kijana, ile ofisi ina nafasi. Huyu duka lake limejaa mabunda mpaka mlangoni, akimbilie wapi? Na magoti je? Ashuke teksi kituo kimoja kabla ya kwake, atembee taratibu. Pushapu piga wewe.

Muuza Vitenge:
Leo nimejaribu. Nimesema aina mbili na dodo nyingi. Dada aliyeniletea kanidai 1,000 zaidi kwa ajili ya dodo.

Mama Mwiko:
Huyo mbadilishe.